Vipande Vinane kwa Kila Mtaa

Nchi ya Usawani usiitafute kwenye ramani. Ramani ya mwisho ilichanwa ili kila wizara ipate kipande chake, na Wizara ya Barabara ikaangukiwa na bahari. Wala usidhani yanayosimuliwa hapa yametiwa chumvi. Chumvi ya Usawani ilishagawanywa zamani, haipo ya kuongezea.

Kimbunga kiliupiga mji wa Kiwambaza siku ya Jumapili, kikang'oa nguzo za umeme kama mtu ang'oavyo mihogo. Jumatatu asubuhi Shirika la Umeme likatangaza kwa redio kwamba umeme haujakatika hata kidogo, umechelewa tu njiani. Wananchi wakaombwa waache swichi zao zimewashwa, ili umeme ukifika usione kama haukutarajiwa.

Nesi Hadia, msimamizi wa zahanati pekee ya mji ule, alilisikia tangazo hilo macho yakiwa kwenye mshale wa mtungi wa oksijeni. Hadia alikuwa mwanamke asiyeamini kitu mpaka akihesabu mwenyewe. Alihesabu sindano, akahesabu pamba, na mtu akimsalimia kwa uchangamfu kupita kawaida, alijiuliza kwanza mtu huyo ana shida gani. Lakini mshale ule aliuamini, kwa kuwa haukuwa na cheo wala ndugu.

Mtungi ulikuwa mmoja, nao ulimpa pumzi binti wa Salha, aliyezaliwa Jumamosi, miezi miwili kabla ya siku zake, mdogo kiasi kwamba soksi ya mtu mzima ilimtosha kuwa kofia. Jina alikuwa bado hajapewa. Kando ya kitanda ilisimama mashine ya kutengeneza oksijeni kutokana na hewa hii ya kawaida, mashine mpya na nzuri, ambayo bila umeme ilikuwa meza ya kuwekea kikombe. Hadia alipiga hesabu mara tatu, na mara zote tatu jibu lilikuwa lile lile: mtungi utadumu mpaka Ijumaa alasiri. Baada ya hapo, ama jenereta, ama kaburi dogo.

"Nesi, ukiisha itakuwaje?" Salha aliuliza.

"Hautaisha," Hadia alisema, kisha akamchukia huyo nesi aliyeweza kusema uongo kwa sauti tulivu namna ile.

Jumanne zikashushwa bandarini jenereta kumi na mbili, msaada wa nchi rafiki. Iliyofika Kiwambaza ni moja. Zile kumi na moja, tangazo likasema, zimepelekwa mahali salama ili wenye tamaa wasizifikie. Mahali penyewe hapakutajwa, maana pangetajwa pasingekuwa salama tena.

Basi mji mzima ukaanza kutiliana shaka. Kiwambaza ina mitaa sita: Juu, Chini, Kati, Pembeni, Nyuma na Kwingineko. Mtaa wa Juu wakasema jenereta zimefichwa Mtaa wa Chini. Mtaa wa Chini wakaapa kwamba wamesikia mngurumo Pembeni. Pembeni wakaenda kuchungulia mvungu wa vitanda vya Nyuma, na huko wakakutana na watu wa Nyuma wakirudi kutoka kuchungulia vitanda vya Pembeni. Serikali haikubaki nyuma. Idara ya Kuangaliana iligawa fomu yenye swali moja, "Unamshuku nani?", na aliyeiacha nafasi hiyo wazi alishukiwa yeye.

Mahali pamoja tu hapakushukiwa, napo ni mlimani, kwenye nyumba ya Mheshimiwa Mtwanguo, Kamishna wa Mgawanyo wa Haki. Kuutazama mlima ule kwa macho makavu kulikuwa kosa la utovu wa adabu, faini yake mbuzi, na watu walikwishazoea kupita wameinamisha vichwa. Hata dirisha la zahanati lililoelekea huko lilitundikwa pazia zito kwa amri. Unaweza kuwaita watu wa Kiwambaza waoga. Wao walijiita wenye adabu.

Jumatano ukaitishwa mkutano uwanjani. Mheshimiwa Mtwanguo alipanda jukwaani na shati lenye mikunjo ya pasi iliyosimama kama kisu, mkononi ana glasi ya maji, na ndani ya glasi barafu inagongana kling, kling. Ilikuwa siku ya nne mji haujaona umeme. Hadia aliitazama ile barafu mpaka ikayeyuka. Pengine, mtu mwema angesema, ni baridi ya cheo tu.

"Ndugu wananchi!" Mheshimiwa alinguruma. "Nchi nyingine zikipatwa na maafa hukimbilia kuuliza nani anahitaji zaidi. Huo ni ubaguzi! Ukimpa mwenye shida, umemnyima asiye na shida, naye kosa lake nini? Sisi Usawani tunamtazama kila mtu kwa jicho moja, na hilo moja tunalifumba!"

Makofi yakapigwa, sita kwa kila mtu, kama ilivyo desturi.

Hadia akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, shikamoo. Pale zahanati kuna kichanga anayepumua kwa mtungi, na mtungi unaisha keshokutwa. Naomba jenereta iwekwe pale, siku chache tu, mpaka mapafu yake yapate nguvu."

Uwanja ukaanza kunong'ona. Zahanati iko Mtaa wa Kwingineko.

"Mtoto wa nani huyo?" akauliza Mzee Pazi, mwenyekiti wa Mtaa wa Kati, mtu aliyefunga kufuli mbili hata kwenye choo chake. "Na kwa nini azaliwe juzi juzi, jenereta zikiwa njiani? Nani alimwambia zinakuja?"

"Kaja kabla ya wakati," mtu akadakia. "Alikuwa anawahi foleni!"

Watu wakacheka, na Hadia akahisi machozi ya hasira yakimchoma pua. Akayameza. Kulia mbele ya kadamnasi kungeshukiwa.

Mheshimiwa akainua glasi yake. "Tutarudi kwenye mila yetu. Wazee wetu wakichinja ng'ombe walifanyaje?"

"Mafungu!" umati ukaitika.

"Basi!"

Sasa kama hujui, mafungu ya nyama Kiwambaza hugawanywa hivi. Nyama hupangwa juu ya majani ya mgomba, mtu mmoja huyapa mafungu mgongo asiyaone, mwingine hugusa fungu kwa fimbo na kuuliza, "Hili la nani?" Yule aliyegeuka hutaja jina, na analolitaja halipingwi. Ni mila nzuri sana kwa ng'ombe.

Akaitwa fundi Sudi na spana zake. Alipoelewa anatakiwa kufanya nini alimtazama Mheshimiwa, akaitazama jenereta, akaomba apewe dakika moja ya kuiaga. Kisha akaifungua, machozi yanamtoka, akiweka kila kitu juu ya majani. Karani wa usawa akahesabu: kila fungu vipande vinane, si zaidi, si pungufu. Kwamba kipande kimoja ni injini na kingine ni nati, hilo halikuwa jambo la karani. Na petroli iliyokuwa tangini ikagawanywa kwenye chupa sita, nusu lita kila mtaa.

Wa kutaja majina alikuwa Bi Kidawa, muuza maandazi. Kazi hiyo alipewa miaka mingi iliyopita kwa sababu ndiye mtu pekee mjini aliyegombana na mitaa yote sita kwa kiwango sawa. Hakuna aliyesema naye. Hata maandazi yake watu waliyanunua kwa ishara. Akasimama akayapa mafungu mgongo, uso wake ukaelekea kwa umati, na nyuma ya umati, mlima.

"Hili la nani?"

"La Kati." Hilo lilikuwa fungu lenye injini.

"Hili la nani?"

"La Nyuma." Tangi hilo, na makorokoro yake saba.

Ikaendelea hivyo mpaka la mwisho. Kwingineko wakapata kifuniko cha tangi, kitabu cha maelezo kwa lugha isiyojulikana na mtu yeyote, kibandiko kilichoandikwa "Hatari", na nati tano. Jumla nane. Hadia alitia saini kwamba amepokea haki yake kamili.

"Lakini mbona kule juu..." Bi Kidawa akaanza.

"Bibi," Mheshimiwa akamkata, "kazi yako kutaja, si kutazama."

Bi Kidawa akabetua mdomo, akaenda kwenye karai lake. Mkutano ukafungwa kwa dua. Lile neno "kule juu" likabaki kichwani mwa Hadia, akaliweka pamoja na barafu.

Alhamisi asubuhi, mshale ukiwa umeshuka robo ya mwisho, Hadia alivaa viatu vyake vya zamu akaenda kuomba mtaa kwa mtaa.

Mtaa wa Kati walikuwa wameiweka injini ofisini, wameifunika bendera, na saa za kuitazama zimebandikwa mlangoni. Mzee Pazi alimsikiliza mpaka mwisho. Akavuta pumzi ndefu, akasema, "Mwanangu, nikikuazima leo, kesho utanirudishia hii hii? Nitajuaje hukuitoa roho yake ukaweka nyingine?"

Mtaa wa Juu waliitumia kamba ya kuwashia kuanikia nguo. Mtaa wa Chini walisema kabureta yao imelala, hawawezi kuiamsha bila kikao. Pembeni waliitundika eksozi ukutani wakapiga nayo picha. Kila mahali Hadia alimweleza mtoto, udogo wake, soksi yake, na kila mahali walimsikitikia kwa dhati kabisa, kisha wakauliza nani amemtuma.

Mtaa wa Nyuma alimkuta mwenyekiti wao, Bi Mwanjaa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, amelikalia tangi la mafuta.

"Jana ulipewa kifuniko," Bi Mwanjaa akasema. "Leo unataka tangi. Kesho utautaka mtaa wangu mzima. Mimi nakujua, Nesi, wewe mtu wa kuhesabu hesabu."

"Mtoto atakufa kesho, Bi Mwanjaa."

Mama yule akatazama chini. Haikuwa kweli kwamba hana moyo. Alikuwa na wanawe saba, wote wamepimwa uzito pale zahanati. Lakini moyo ukitaka kusema, shaka ilikuwa imeshakaa mlangoni. "Namuonea huruma, Mungu shahidi. Ila nikitoa mimi peke yangu, wenzangu watanicheka."

Hadia akageuka aondoke.

"Nesi," Bi Mwanjaa akamwita kwa kunong'ona. "Hebu niambie ukweli. Umetoka Kati. Fungu lao... ni zito?"

Hadia akasimama. Tangu asubuhi alikuwa akichota kwenye kisima cha huruma, nacho kilikuwa na tope tu. Na kando yake, muda wote huo, kisima cha shaka kilikuwa kinafurika.

"Uzito sijaupima," akasema polepole. "Ila nilihesabu waliolibeba. Walikuwa wanaume wanne."

Bi Mwanjaa akainuka juu ya tangi kana kwamba limepata moto.

Hadia hakusema uongo hata mmoja siku ile. Alirudi mitaa yote, akawaambia watu wa Juu kwamba Kati wamefunika fungu lao kwa bendera, na kwamba yeye hakuruhusiwa kuifunua. Akawaambia Kati kwamba tangi la Nyuma linakaliwa kutwa kucha, pengine lina sababu. Akawaambia Chini kwamba karani alihesabu idadi, ila uzito hakuna aliyemwona akiupima. Kufikia magharibi mji ulikuwa unachemka. Wenyeviti sita, ambao kwa kawaida hawakukubaliana hata siku ya sikukuu, walikubaliana neno moja: mafungu yapimwe upya, yote, mahali pamoja, mbele ya macho yote.

Yapimwe kwa mizani ipi? Mizani za madukani zilishukiwa tangu enzi za babu zao. Ilibaki moja tu ambayo mji mzima uliiamini, ile mizani ya kuning'iniza ya kupimia watoto, kwa sababu kila mmoja wao aliwahi kulia ndani yake akiwa uchi.

"Iko kwangu zahanati," akasema Hadia. "Njooni kesho saa nne. Kila mtaa uje na kila kitu chake, hata petroli. Asiyeleta, tutajua ana la kuficha."

Ijumaa saa nne haikukosekana hata nati. Mizani ilitundikwa kwenye boriti ya baraza, na ile kaptura ya kitambaa wanayovalishwa watoto ikavalishwa vyuma. Kabureta ikabembea humo kwa unyenyekevu. Ilipofika zamu ya injini, mshale wa mizani uliruka ukazunguka mpaka mwisho, na boriti ikalia. Uwanja mzima ukapiga yowe.

"Kati wameongeza!"

"Nyuma wamepunguza!"

"Mmebadilisha! Hiki si kile cha Jumatano!"

Ngumi zilikuwa zimeshakunjwa fundi Sudi alipopanda juu ya benchi. Hadia alikuwa amezungumza naye alfajiri, maneno machache tu.

"Jamani! Kama kuna kipande kimebadilishwa, mimi nitakijua kwa njia moja tu. Kikiwa chenyewe, kitaingia mahali pake. Kikiwa cha wizi, kitakataa. Nipeni nafasi niviunganishe, tumbaini mwizi!"

Hakuna aliyethubutu kupinga, kwa sababu anayepinga ndiye mwizi. Fundi akafanya kazi, vichwa mia vimemwinamia, kila mtaa ukihesabu vipande vyake vikiingia. Vyote viliingia. Kwingineko wakatoa kifuniko na nati zao tano, na nati hizo ndizo zilizoishika injini isitikisike. Watu wakaonekana kama wamehuzunika kidogo kukosa mwizi.

"Bado," Mzee Pazi akasema, hataki kushindwa. "Kitu kinaweza kuingia na kisifanye kazi."

"Basi tuiwashe," akasema Hadia. Ndani, mshale wa mtungi ulikuwa umelala kwenye wekundu.

Chupa sita za petroli zikamiminwa. Kila mwenyekiti akaivuta kamba mara moja, kwa haki. Kati ikakohoa. Juu ikanyamaza. Chini, Pembeni, Nyuma, kimya. Akabaki mwenyekiti wa Kwingineko, mshona viatu mwenye mkono mmoja wenye nguvu, akasema bismillahi, akavuta, na jenereta ikanguruma.

Hadia hakubaki kushangilia. Alikwisha kuingia ndani na waya, mashine ikalia mlio wake mdogo, taa ya kijani ikawaka, akahamisha mrija kutoka kwenye mtungi. Akasubiri, kidole kifuani kwa mtoto. Kifua kikapanda. Kikashuka. Kikapanda. Salha akajifunika uso kwa kanga. Hadia naye akalia, waziwazi, na amshuku atakayemshuku.

Mngurumo ule ulifika mlimani, na kabla ya nusu saa gari la Mheshimiwa likasimama mbele ya zahanati.

"Jenereta nzima!" akasema, akishuka na karani mwenye fimbo. "Katika mtaa mmoja! Hii ni dhuluma ya kutisha. Fundi, ifungue. Majani ya mgomba yaletwe. Bi Kidawa!"

"Mheshimiwa," Hadia akasema mlangoni, "ukiizima, mtoto ana pumzi ya dakika chache."

"Nesi, usitumie mtoto mmoja kuvuruga haki ya mitaa sita. Bi Kidawa, simama mahali pako."

Wenyeviti wakatazamana. Kila mmoja alijua kipande chake kiko humo ndani kinafanya kazi, na mwingine akikichukua kitakwenda wapi? Fundi Sudi alishika spana bila kusogea. Bi Kidawa akaja na unga mikononi, akaipa jenereta mgongo kama alivyozoea, akausimamisha uso wake kuelekea kule kunakokatazwa. Sheria haikumhusu, asiyeona mafungu lazima atazame mahali fulani.

Hadia akaliona hilo ndipo akaelewa. Akaichukua fimbo mkononi mwa karani, karani akasahau kukataa. Hakugusa kitu kwayo.

"Bi Kidawa, shikamoo."

Mwanamke yule akashtuka. Ilikuwa miaka tangu mtu amwamkie. "Marahaba."

"Jumatano ulianza kusema kitu, ukakatwa. Unaona nini huko?"

"Kazi yake ni kutaja!" Mheshimiwa akafoka.

"Basi nataja," akasema Bi Kidawa, mgongo umenyooka. "Naona nyumba yako, Mheshimiwa. Taa za barazani zinawaka, na hili jua lote. Nyuma ya nyumba naona mioshi. Jumatano niliihesabu nikingoja mmalize kupanga vyuma vyenu, na leo ipo vilevile. Kumi na moja. Ningewaambia, lakini mji mzima huu nani anasema nami?"

Kwa mara ya kwanza katika historia ya Kiwambaza, watu wote waligeuka kwa pamoja, wakautazama mlima kwa macho makavu. Faini ya mbuzi wote wale isingepata hata zizi la kuwaweka.

Hapakuwa na kelele. Mheshimiwa alisema neno kuhusu mahali salama, akasema neno jingine kuhusu sampuli, kisha akaona hakuna anayepiga makofi. Bi Mwanjaa ndiye aliyetangulia, halafu Mzee Pazi, akikimbilia asiachwe na mwanamke wa Nyuma. Mtu akaitungua mizani kwenye boriti akaibeba begani. Mitaa sita ikaingia njia moja, wakiangaliana pembeni mwa macho kila hatua, asije mmoja akafika kwanza akachukua mbili.

Hadia hakwenda. Alirudi ndani, akakaa kando ya Salha. Petroli ya chupa sita haikuwa nyingi, na jenereta ilikuwa imeshakohoa mara moja. Akanyoosha mkono akalivuta lile pazia la amri, likakatika na kuanguka chini. Mlima ukaingia chumbani mzima mzima, na juu yake mioshi imesimama, mmoja mmoja.

"Nesi, wataleta?" Salha aliuliza.

Safari hii Hadia hakusema uongo. "Sijui. Ngoja tuhesabu."

Kifua cha mtoto kilipanda, kikashuka. Nje jenereta ikakohoa tena. Kule juu moshi mmoja ukakatika. Ikabaki kumi. Wakangoja, mkono wa Salha umemshika Hadia kwa nguvu hata kucha zikaingia. Ikabaki tisa.